Shajara ya mradi: Land Cruiser 79 inayotetemesha usukani

Gari ni Land Cruiser pick-up, HZJ79 yenye injini ya 1HZ, usukani kulia, matairi 7.50R16. Kazi yake ni kubeba saruji, mahindi na mbao kati ya Babati, Dareda na Mbulu. Kuanzia mwaka 1999 pick-up hizi zina spiringi za koili mbele badala ya pleti. Ekseli ya mbele ni ya mti mmoja, imeshikwa na mikono miwili mirefu inayoelekea nyuma hadi kwenye chesisi (mafundi huiita radiasi amu), pamoja na rodi ya mlalo inayozuia ekseli isihame kushoto wala kulia (panhadi). Bushi (mipira yenye gamba na bomba la chuma inayokaa kwenye maungio) zikifa hapo, au beringi za kingipini (pini za juu na chini ambazo gurudumu hugeukia) zikilegea, mbele yote inakosa mshiko.

Shajara hii ni kwa yeyote mwenye gari la aina hii na ugonjwa wa aina hii. Bei ni shilingi za Tanzania, spea na huduma za nje tu. Ufundi haumo.

Jumamosi, 8 Machi 2025: Dalili, na pesa iliyokwisha kupotea

Kwenye lami, kati ya km 70 na 80 kwa saa, gurudumu la mbele likigonga kiraka au kiungo cha daraja, usukani unaanza kutetemeka kwa nguvu na hauachi mpaka mwendo ushuke chini ya 40. Kwenye vumbi hakuna kitu. Gari tupu linatetemeka zaidi kuliko likiwa na mzigo.

Kabla ya gari kufika hapa lilikuwa limeshafanyiwa mambo mawili. Kwanza, balansi ya magurudumu na kubadilishana matairi ya mbele na nyuma: 40,000. Mtetemeko ulihama kutoka km 70 hadi 75, basi. Pili, shokapu mpya ya usukani: 120,000. Hiyo ilituliza gari kwa wiki kadhaa, kisha hali ikarudi vilevile.

Shokapu ya usukani hufanya hivyo kila mara. Kazi yake ni kumeza mishtuko midogo, si kushika kitu kilicholegea. Ikiwa mpya inabana mtetemeko, ulegevu ulioko nyuma yake unaendelea kula chuma, na shokapu yenyewe inachoka mapema kwa kazi isiyo yake. Kwa hiyo imefunguliwa na kuwekwa pembeni hadi mwisho wa mradi. Gari litapimwa bila hiyo.

Jumatano, 12 Machi: Kupima kabla ya kununua

Vipimo vilifanywa kwa mpangilio huu, na mpangilio wenyewe una maana.

Gari likiwa chini kwa magurudumu yake, injini inanguruma ili usukani uwe mwepesi, mtu mmoja anauzungusha haraka kushoto na kulia, kidogo tu, kama robo ya duara. Mwingine amelala chini, anatazama ncha mbili za panhadi. Chesisi ikisogea pembeni kabla ekseli haijasogea, bushi ya panhadi imekwisha. Hapa ncha ya kwenye ekseli ilikuwa inasogea karibu milimita 4 ndani ya jicho lake. Macho yanatosha. Ukitaka uhakika, weka kidole nusu kwenye mabano na nusu kwenye jicho la rodi.

Mtu yule yule anaendelea kuzungusha, wa chini anahamia kwenye tairodi endi (maungio ya ncha za rodi za usukani), moja baada ya nyingine. Ya kushoto ilikuwa na ulegevu. Tatu zilizobaki ni nzima.

Kisha jeki chini ya ekseli, gurudumu juu, stendi chini. Gurudumu linashikwa juu na chini (saa 12 na saa 6) na kutikiswa. Pande zote mbili zilicheza. Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea, wanakimbilia beringi za habu (kitovu cha gurudumu). Mwambie mwenzako akanyage breki na aishikilie, kisha tikisa tena. Breki inafunga habu na nakoli (kipande cha ncha ya ekseli kinachogeuka pamoja na gurudumu) kuwa kitu kimoja, hivyo ulegevu ukitoweka ulikuwa wa beringi za gurudumu, na ukibaki ni wa kingipini. Kulia ulipungua ukawa kidogo. Kushoto ulibaki karibu wote.

Mwisho, mtaimbo uliingizwa kati ya kila radiasi amu na mabano ya ekseli. Bushi za ekseli ziko nne, mbili kila upande, na zote zilikuwa na mpasuko unaozunguka bomba la kati. Za kwenye chesisi ziko mbili, ya kulia ilikuwa imechanika kabisa na bomba lake linagusa chuma.

Orodha iliyotokana na vipimo: bushi 6 za radiasi amu, 2 za panhadi, beringi 4 za kingipini, kiti (seti) 2 za sili za nakoli, beringi za gurudumu la kulia, tairodi endi 1. Kingipini hubadilishwa pande zote mbili hata kama mmoja bado unavumilika, kwa sababu uzito wa kugeuka unapaswa kulingana.

Jumamosi, 15 Machi: Spea

Bushi mbili za upande wa chesisi zilinunuliwa Babati kwa 15,000 kila moja, na zote mbili hazikufaa. Kipenyo cha nje kilikuwa kidogo: ziliingia kwenye jicho la mkono kwa kusukumwa na kiganja. Bushi ya aina hii lazima idai presi. Ikiingia kwa mkono, gamba lake la nje litazunguka ndani ya jicho, litakula jicho, na safari ijayo utanunua mkono mzima. Beba kalipa ya kupimia dukani, au angalau bushi ya zamani iliyosafishwa, uzilinganishe uso kwa uso. Hizo 30,000 zimekwenda.

Zilizobaki zilitoka Arusha kwa basi:

Bushi za mpira za radiasi amu, 6 × 38,000 = 228,000
Bushi za panhadi, 2 × 25,000 = 50,000
Beringi za kingipini, 4 × 45,000 = 180,000
Kiti ya sili za nakoli, 2 × 65,000 = 130,000
Beringi za gurudumu, ya ndani na ya nje = 95,000
Tairodi endi = 55,000
Grisi ya molibdeni, makopo 2 ya kilo moja = 36,000
Usafirishaji = 10,000

Kulikuwa na pendekezo la kuweka bushi za plastiki ngumu badala ya mpira. Kwenye panhadi hakuna ubaya. Kwenye radiasi amu, hapana. Upande mmoja wa ekseli ukipanda na mwingine ukishuka, mikono hii hujipinda, na msokoto huo unamezwa na bushi. Ngumu haimezi, inauhamishia kwenye mabano, na mabano yaliyochomelewa kwenye ekseli yana mwisho wa uvumilivu, hasa kwenye mlima wa Dareda.

Alhamisi, 20 Machi: Bushi

Fungua mkono mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukifungua yote miwili ekseli inajizungusha, shafti inabanwa na spiringi zinaweza kuchomoka. Hata kwa mkono mmoja matundu hayatakaa sawa wakati wa kurudisha: weka jeki ndogo chini ya pua ya difu, ipandishe au ishushe taratibu mpaka bolti iingie kwa vidole. Usiipige nyundo, utaharibu nyuzi.

Bolti moja ya kulia, upande wa ekseli, ilikuwa imeganda ndani ya bomba la bushi. Mafuta ya kulegeza yalimwagiwa usiku kucha bila faida, kwa sababu kutu iko katikati ya bomba, mbali na mafuta. Kilichofaa ni kuizungusha bolti pamoja na bomba, mpira ukachanika (ulikuwa umekufa hata hivyo), kisha kuikata bolti kwa grainda kati ya mabano na mkono. Bolti mpya ya daraja la nguvu lile lile ilipatikana kwenye gari la kukatwa. Usiweke bolti ya kawaida ya dukani mahali hapa.

Presi ya tani 20 ilitoa bushi tano bila shida. Ya sita gamba lake liligoma. Hiyo inakatwa kwa ndani kwa msumeno wa chuma, mstari mmoja hadi karibu na jicho bila kuligusa, kisha tindo inalikunja gamba kuelekea ndani na linaanguka lenyewe. Kuchoma mpira kwa moto ni njia ya haraka ila moshi wake ni sumu, na joto likizidi linalegeza chuma cha jicho.

Matundu yalisafishwa kwa msasa namba 120 hadi kutu yote ikatoka. Bushi ziliingizwa kwa maji ya sabuni, si grisi: grisi hula mpira. Presi ibonyeze gamba la nje tu, kwa kutumia kipande cha bomba la kipenyo sawa. Ukibonyeza bomba la kati umeichana bushi kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Bolti zote zimeingizwa na kukazwa kwa mkono tu kwa sasa. Sababu iko kwenye ingizo la tarehe 23. Gharama ya presi: bushi 8 × 5,000 = 40,000.

Jumamosi, 22 Machi: Kingipini

Hatua za kawaida kwa kifupi: kalipa ya breki imefunguliwa na kuning'inizwa kwa waya (si kwa mpira wa breki), habu la friwili, nati mbili za spana ya 54, diski na habu, spindo, shafti pamoja na jointi yake. Stadi za mkono wa usukani zina washa za koni zilizopasuliwa. Hazitoki kwa kuvutwa. Legeza nati hadi zilingane na ncha ya stadi, gonga mkono pembeni kwa nyundo ya shaba, koni inaruka yenyewe.

Shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi) za juu na za chini ziliwekwa kwenye mifuko tofauti, kushoto na kulia, na kuandikwa. Shimu ndizo zinazoweka ekseli katikati ya nakoli. Ukizichanganya, sili itakaa upande na itavuja hata ikiwa mpya.

Beringi ya chini ya kushoto ilieleza habari yote. Ndani ya kikombe chake (gamba la nje la beringi) kulikuwa na mistari ya mshindilio, moja kwa kila roli, imejipanga sawasawa. Kingipini haizunguki duara kamili kama beringi ya gurudumu. Inakaa mahali pamoja karibu muda wote, gari likienda mbele moja kwa moja, na roli zinapigilia sehemu ile ile mpaka zinachimba. Ukipitisha ukucha juu ya kikombe unahisi meno. Ukiwa na kikombe kama hicho, kuongeza mkazo kwa kupunguza shimu hakusaidii: usukani utanata katikati na gari litatangatanga barabarani.

Ndani ya nakoli ya kushoto grisi ilikuwa imegeuka uji mweusi. Hayo ni mafuta ya difu yaliyopita kwenye sili ya ndani ya ekseli. Sili mpya imo kwenye kiti, ila shafti lilikuwa na mfereji mahali mdomo wa sili unapopita. Sili mpya ikikaa pale pale itavuja tena. Ilizamishwa pungufu ya milimita 2, ili mdomo upate chuma kisichochimbika.

Kisha likaja tatizo lililokula muda kuliko yote. Baada ya kufunga nakoli ya kushoto kwa beringi mpya na shimu zake za zamani, nati zikakazwa kwa Nm 96 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), mkazo wa beringi ulipimwa kwa mizani ya ndoano, ile ile ya wauza samaki. Ndoano inaingia kwenye tundu la tairodi, unavuta kwa pembe mraba na mkono, unasoma kilo wakati nakoli inaendelea kuzunguka (si ile ya kuanzia, ambayo huwa juu zaidi). Sili kubwa ya nje isiwe imefungwa na tairodi isiwe imeunganishwa, la sivyo unapima msuguano wake. Lengo kwenye gari hili ni kilo 4 kila upande. Kipimo kilisoma 4.5, vizuri. Nakoli ikazungushwa mwisho hadi mwisho mara kadhaa, ikapimwa tena: 1.5.

Mkazo ukishuka hivyo, kuna kikombe ambacho hakijafika chini. Kilichomolewa cha chini, na kwenye kona ya kiti chake ndani ya ekseli palikuwa na ukingo mwembamba wa kutu uliokishika juu kidogo. Ulikwanguliwa kwa kisu cha zamani hadi chuma kikang'aa, kikombe kikarudishwa. Kikiwa bado hakijafika, nyundo inatoa sauti butu. Kikifika, sauti inabadilika ghafla inakuwa kali, na nyundo inarudi mkononi. Usiache kugonga, pole pole na kwa kuzunguka, kabla ya sauti hiyo.

Kikombe kikiwa kimezama, mkazo ulikuwa chini ya kilo 1. Ilitolewa shimu moja ya mm 0.1, upande wa chini, kwa kuwa ndio kikombe kilipozama. Kuitoa juu kungerudisha mkazo ila kungeisogeza ekseli nje ya kati. Kipimo kipya: 4. Baada ya kuzungushwa: 4. Upande wa kulia ulikaa na shimu zake za zamani na ukasoma 3.8.

Nakoli zimejazwa grisi ya molibdeni kama robo tatu, jointi zimepakwa hadi ndani, kwenye golori zake. Makopo mawili yalitosha, pamoja na beringi za gurudumu. Petroli na dizeli ya kuoshea: 15,000.

Jumapili, 23 Machi: Habu, kukaza, na tou

Beringi za gurudumu: nati ya ndani Nm 59 huku habu likizungushwa pande zote, kulegezwa, kisha kukazwa kidogo kidogo hadi mizani kwenye stadi ya tairi isome karibu kilo 4. Washa ya kufungia, nati ya nje Nm 64, kupima tena, kwa sababu nati ya nje huongeza mkazo. Kunja washa pande zote mbili.

Sasa bolti za bushi. Gari lilishushwa chini, likasukumwa mbele na nyuma mita chache, watu wawili wakalirukia bampa ili spiringi zikae mahali pake. Ndipo bolti za radiasi amu na panhadi zikakazwa kwa torki ya kitabu cha gari, mtu akiwa chini ya gari na magurudumu yakiwa ardhini. Bomba la kati la bushi hushikwa na mabano pale bolti inapokazwa, na mpira hujisokota kuanzia hapo. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, gari likishuka tayari mpira umesokotwa, na kila shimo linauzidishia. Bushi nzuri za bei kubwa hufa kwa miezi michache kwa sababu hii peke yake, kisha lawama inakwenda kwa duka.

Tairodi endi mpya iliingizwa kwa idadi ile ile ya mizunguko kama ya zamani, lakini tou (tofauti ya umbali kati ya matairi, mbele na nyuma yake) bado ilikuwa milimita 9 ndani. Urefu wa spea mpya haulingani na wa zamani, hivyo hesabu ya mizunguko inakufikisha karibu tu. Alama ya chaki katikati ya kila tairi, mita ya fundi seremala kwa urefu wa habu, mbele na nyuma ya magurudumu: umbali wa nyuma toa ule wa mbele. Imeachwa milimita 2 kuingia ndani.

Siku iliyofuata ilithibitishwa kwenye mashine, 30,000. Kwenye ekseli ya aina hii kinachorekebishwa ni tou peke yake. Anayekutoza kwa kurekebisha kamba (mwinamo wa gurudumu kwa juu, ndani au nje) kwenye gari hili bila kubadilisha kitu chochote anatoza hewa.

Jumamosi, 29 Machi: Majaribio

Bila shokapu ya usukani, gari tupu, lami ya Babati kuelekea Dareda. Km 60, 70, 75, 80, 90. Viraka vilivyokuwa vikianzisha mtetemeko vilipitiwa makusudi, gurudumu moja moja. Usukani unashtuka mara moja na kutulia. Baadaye shokapu ile ile iliyonunuliwa mwanzo ilirudishwa.

Usukani ni mzito kidogo kuliko zamani wakati wa kuegesha. Huo ndio uzito wa kingipini yenye mkazo. Kilichobaki ni ulegevu mdogo katikati, unaotoka kwenye boksi la usukani. Skrubu yake ya juu haikuguswa: ikikazwa kupita kiasi boksi linanata na meno yanaliwa.

Jumla ni 1,059,000. Ndani yake kuna 190,000 ambazo hazikununua kitu: balansi, bushi mbili zisizofaa, na shokapu ambayo ingeweza kusubiri.

Jumamosi, 3 Mei: Baada ya km 1,000 na zaidi

Nati za mkono wa usukani zilikaguliwa: mbili za kushoto zilipokea robo ya mzunguko hivi kabla ya kufika Nm 96. Koni hujipanga zaidi baada ya kazi, kwa hiyo ukaguzi huu usirukwe. Beringi za gurudumu la kushoto zilikuwa zimelegea kidogo, zikarudishwa kilo 4.

Bushi zote nane hazina mpasuko. Nakoli ya kulia kavu. Ya kushoto ina unyevunyevu wa grisi chini ya sili kubwa, ambao ni wa kawaida sili ikiwa mpya. Plagi ya kujazia ilifunguliwa na grisi ndani bado ni nzito na haina harufu ya mafuta ya difu. Ukaguzi mwingine wa plagi hiyo utafanywa wakati wa sevisi ijayo ya mafuta ya injini.